Mtandio, keski au dumalla: kipi kinakufaa?

Kila Vaisakhi, sikukuu yetu ya Aprili, inapokaribia, mabinti huja gurdwara, hekalu la Makalasinga, na mita kadhaa za kitambaa mkononi wakitaka kufundishwa kufunga kilemba. Vaisakhi ikipita, vilemba vingi hurudi kabatini na mtandio hurudi kichwani. Simlaumu mtu. Ninachoona ni kwamba wengi huchagua kwa kutazama picha za siku ya sikukuu, ilhali kilemba kinafungwa Jumanne asubuhi, basi la shule likipiga honi getini na nywele hazijakauka tangu usiku.

Nimeandika kwa ajili ya dada wa Kikalasinga aliyekwama kati ya njia tatu za kufunika kichwa: mtandio peke yake, ambao nyumbani tunauita chunni, keski, yaani kilemba kidogo, na dumalla, kilemba kikubwa cha duara. Na kama wewe si Kalasinga, ila umewahi kusimama kwenye gurdwara ya Makindu ukielekea Mombasa, ukafunika kichwa mlangoni, ukala chapati na dengu bure, kisha ukajiuliza kwa nini mama anayegawa chai amejitanda mtandio na binti yake amefunga kilemba, humu utapata jibu.

Nywele kwanza

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye uchaguzi huu, nalo ni nywele zenyewe. Aliyepokea Amrit, maji matakatifu ya kula kiapo cha dini yetu, hubeba alama tano: kesh, yaani nywele zisizokatwa, kangha, kitana cha mbao, kara, bangili ya chuma, kachhera, kaptula ya ndani, na kirpan, upanga mdogo. Utaratibu huo unatokana na Anandpur Sahib, mwaka 1699, Guru Gobind Singh, Guru wetu wa kumi, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya waliopokea Amrit, na wanawake hawakutengwa. Kukata nywele ni moja ya makosa manne makubwa ambayo mwenye Amrit akiyafanya amevunja kiapo. Tena si za kichwani tu. Nyusi zimo, miguu imo, kidevu kimo. Mabinti wengi wanaonijia na wasiwasi wa kilemba huwa wanajua moyoni kwamba mtihani wao halisi uko saluni, kwenye uzi wa nyusi.

Kuhusu kilemba, mambo ni tofauti. Sikh Rehat Maryada, mwongozo wa maisha ya Kalasinga ulioidhinishwa mwaka 1945 na SGPC, kamati ya Amritsar inayosimamia gurdwara, unamtaka mwanamume afunge kilemba, na kwa mwanamke unasema anaweza kufunga au asifunge. Mwongozo huohuo unakataa mwanamke kufunika uso. Basi ukisikia mtu anakuambia kwamba mtandio ni wa wasio na imani, au kwamba kilemba ni cha wanaume tu, jua hayo ni maneno yake.

Ila lipo kundi lenye msimamo mwingine. Akhand Kirtani Jatha, watu wanaofuata njia ya Bhai Randhir Singh, wanaihesabu keski kuwa mojawapo ya alama tano, na kwao mwanamke anayepokea Amrit lazima aifunge. Nao si wa kwanza kuwafunga wanawake vilemba: mapema katika karne ya 20, huko Bhasaur mkoani Punjab, Babu Teja Singh na wenzake walikuwa tayari wanawataka wanawake wao wafunge. Mjadala huu ni wa zamani kuliko bibi zetu.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila njia kwa mambo matano. La kwanza ni maryada, yaani kanuni za dini: inatosha kwa ibada ya kila siku na kwa kundi unalokwenda nalo? La pili ni nywele na ngozi ya kichwa, kwa sababu nywele zisizokatwa zikitunzwa vibaya huadhibu. La tatu ni muda na kitambaa. La nne ni kazi, shule na barabara. La tano ni watu, maana hakuna anayeishi peke yake. Uzuri sikuuweka. Zote tatu ni nzuri zikifungwa vizuri, na zote ni kichekesho zikifungwa kwa haraka.

Mtandio peke yake

Maryada. Mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, mtandio unatosha, popote duniani. Pale Darbar Sahib, Hekalu la Dhahabu la Amritsar, wanawake wengi utakaowaona wakizunguka kando ya maji wamejitanda chunni. Udhaifu wake ni kuteleza. Mwanamke anayeimba kirtan, nyimbo za ibada, mikono yote miwili ikiwa kwenye harmonia, hana mkono wa tatu wa kuurudisha mtandio juu. Anayefagia, anayebeba sinia la chapati, anayeinama kusujudu, wote huushika tena na tena. Pia mtandio unakuachia uamuzi mdogo kila saa: niufunike sasa au niuache mabegani? Kwa mwingine huo ni uhuru. Kwa mwingine ni kero inayomla siku nzima.

Nywele. Hapa mtandio unaongoza kwa starehe. Unasuka msuko mmoja mgongoni au unafunga fundo kisogoni, hewa inapita, na nywele za paji la uso hazivutwi na kitu. Wenye nywele laini zinazokatika mbele wanapata nafuu. Lakini ncha za msuko husugua sweta, kiti cha gari na mkoba, mwishowe zinapasuka. Usiupige pini mtandio moja kwa moja kwenye nywele, pini huzing'oa. Chagua pamba au malmal, vitambaa vinavyoshika. Shifoni huteleza hata ukiapa.

Muda na kitambaa. Hakuna cha kujifunza. Kitambaa cha mita mbili na nusu hivi, unajitanda na kutoka. Kwenye mkoba kinakaa bila kuonekana.

Kazini na njiani. Ofisini hakuna shida. Jikoni ipo, hasa jiko la langar, chakula cha bure cha gurdwara, lenye moto mkubwa wa gesi na masufuria ya watu mia: mtandio wa nailoni ukining'inia juu ya moto ni hatari, basi zungusha ncha nyuma ya shingo ukazifunge. Karakana na maabara vivyo hivyo. Kwenye pikipiki, helmeti inaingia vizuri, na sheria nyingi zinakutarajia uivae. Uingereza, kwa mfano, ilimwachia Kalasinga asivae helmeti tangu mwaka 1976, lakini msamaha huo ni kwa aliyefunga kilemba. Mwenye mtandio hayumo. Binafsi naona amepata faida.

Watu. Hakuna atakayekuuliza kitu. Pwani utaamkiwa kwa salamu ya Kiislamu, na ukiitikia vizuri mambo yanaendelea.

Humfaa nani? Anayefunika kichwa kwa ibada na kwa heshima ya wakubwa bila kutaka vazi la siku nzima. Mwenye ngozi ya kichwa inayosumbua. Mama mwenye mtoto mchanga anayevuta kila kilicho kichwani. Na bibi aliyebeba mtandio huo miaka yote na hana deni la kumthibitishia mtu chochote.

Keski

Keski ni kilemba kifupi kinacholala karibu na kichwa, cha tabaka chache, kwa kitambaa cha mita mbili hadi tatu hivi. Unaweza kuivaa peke yake, ukaitanguliza chini ya dumalla, au ukajitanda mtandio juu yake. Ndiyo maana naiita njia ya kati, ingawa kwa Akhand Kirtani Jatha si ya kati hata kidogo, ni ya lazima.

Maryada. Nguvu ya keski inaonekana alfajiri. Siku ya mwenye Amrit huanza kabla hakujapambazuka, kwa kuoga na kusoma nitnem, sala za kila siku: Japji, Jaap na Swaiyye, halafu Rehras jioni na Sohila kabla ya kulala. Ukiwa umekaa gizani saa kumi na moja, macho yamelegea, hutaki kitambaa kinachoteleza kila ukiinamisha kichwa. Keski ikishafungwa umeisahau. Wengi hulala nayo pia, ile nyembamba kabisa, ili kichwa kisibaki wazi.

Nywele. Keski inataka joora, fundo la utosini. Inama, nywele zote zianguke mbele ya uso, chana kuanzia ncha ukipanda taratibu kuelekea kwenye ngozi, kisha zikusanye juu ya kichwa, uzizungushe zijikaze zenyewe na kuzifunga kwa mwisho wake. Lastiki ya plastiki iache. Inakata nywele mahali palepale kila siku. Kitana kidogo cha kangha huchomekwa hapo kwenye fundo, ndipo mahali pake.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowashinda wengi kuliko kufunga kwenyewe: usifunge nywele mbichi. Nywele za kufika kiunoni hazikauki kwa nusu saa, na Kericho au Limuru msimu wa mvua hata nusu siku haitoshi. Ukizifungia ndani ya pamba zikiwa na maji, harufu itakuja, mwasho utakuja, na mba wataweka kambi. Osha jioni au Jumamosi asubuhi ukiwa huna safari. Nyumba nyingi za Kipunjabi bado zinapaka maziwa ya mgando kabla ya kuosha, au hutumia matunda ya ritha na amla badala ya sabuni kali. Mafuta ni usiku, kidogo, ya nazi au ya haradali kulingana na pua za nyumbani kwako, na keski ya kulalia iwe kuukuu maana italowa mafuta.

La pili ni mvuto. Madaktari wa ngozi wameandika kuhusu wanaume wa Kikalasinga ambao nywele za mbele na za pembeni hukatika kwa sababu joora hukazwa sana tangu utotoni. Mwanamke hana kinga. Legeza, sogeza fundo kidogo nyuma au mbele siku kwa siku, na ukiona paji linapanda rudi kwenye msuko kwa muda.

Muda na kitambaa. Mkono ukizoea, ni dakika chache tu. Uwe na kadhaa, kwa sababu keski inagusa ngozi na hufuliwa kila inapovaliwa. Voili ya pamba inapatikana kwenye maduka ya vitambaa, ila rangi nzuri wengi wetu huagiza kwa jamaa anayetoka Amritsar au Southall, London.

Kazini na njiani. Hii ndiyo inayomfaa mfanyakazi wa hospitali, mpishi na mwalimu wa michezo. Kofia ya chumba cha upasuaji inakaa juu yake ikiwa fundo ni dogo. Daktari au muuguzi aache ndewe za masikio nje, au ajifunze kuingiza kifaa cha kusikilizia mapigo chini ya tabaka la mwisho. Mwanzoni utasikia pamba badala ya moyo. Mwenye miwani achomeke mikono yake baada ya kufunga, si kabla. Uwanjani, FIFA imeruhusu vilemba na hijabu tangu mwaka 2014 na FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu, tangu 2017, kwa hiyo refa wa shule akikutoa nje ya mchezo mwulize kanuni anaitoa wapi. Helmeti ya kawaida haikai juu ya joora. Kama unaendesha pikipiki, fundo lishuke kisogoni, au tafuta usafiri mwingine.

Watu. Jiandae kuulizwa kama unaumwa kichwa. Shangazi mmoja wa ukoo hatakosa kusema kwamba ukifunga hivyo hutaolewa, na mwingine atasema afadhali umejificha jua. Hapa mtandio juu ya keski husaidia kuliko hotuba. Bibi anaona chunni aliyoizoea, wewe una kichwa kilichofungwa imara, na chai inanyweka kwa amani. Wengine wanaona huko ni kuogopa watu. Mimi naona ni njia nzuri, tena harusini inapendeza mno: bibi harusi wa siku hizi hufunga keski na mtandio wake wa harusi ukabanwa juu, uso wazi kama maryada inavyotaka.

Humfaa nani? Aliyepokea Amrit au anayejiandaa kupokea, anayetaka kufunika kichwa siku nzima bila kuwa na kazi nacho, mwanafunzi, mwenye kazi ya mikono.

Dumalla

Maryada. Dumalla ni kilemba cha vita kwa asili yake, kirefu na cha duara, ndicho tunachokiona kwenye picha za Mai Bhago, aliyewaongoza wanaume kurudi vitani Muktsar mwaka 1705. Wanaoifunga leo husema hoja yao ni moja: Amrit ni ileile, basi na sura iwe ileile. Wengine hujibu kwamba hadhi ya mwanamke haikuwahi kupungua kwa kutokuwa na kilemba. Nimewasikiliza wote na wote wana kitu. Itoshe kujua kwamba dumalla haikuongezei cheo mbele ya Guru Granth Sahib kumpita mwenye mtandio aliyekaa pembeni yako.

Yapo makundi ambayo kilemba cha mwanamke ni jambo la kawaida kabisa. Nishkam Sewak Jatha wa Birmingham, waliolelewa kiroho na Baba Puran Singh aliyetoka Kericho yetu hii, wana wanawake wengi wenye vilemba vyeupe. Marekani nako, wazungu walioingia Usikh kupitia kwa mwalimu wa yoga Yogi Bhajan kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 walifunga vyeupe wote, mke na mume.

Nywele. Yote niliyosema kwenye keski yanahesabika mara mbili, kwa sababu uzito na joto vimeongezeka. Joora lazima iwe imara maana ndiyo nguzo. Kwa upande mwingine, dumalla ikifungwa vizuri uzito hukaa kwenye mzunguko wa kichwa, hauning'inii kwenye mizizi ya nywele. Wanaopata maumivu ya kichwa mara nyingi wamekaza tabaka la kwanza kupita kiasi wakiogopa litalegea. Kaza ya katikati, legeza ya kwanza.

Muda na kitambaa. Mita tano hivi, wengine zaidi, juu ya keski ya chini. Kitambaa kinalainishwa kwa pooni: wawili wanakishika huku na huku, wanakivuta na kukikunja kwa urefu hadi kiwe ukanda. Ukiwa peke yako, mwenzako ni kitasa cha mlango. Kisha unaanza. Ncha moja yenye urefu wa mkono unaiacha ikining'inia usoni. Unazungusha ukanda kwanza kwenye joora, unaushusha kichwani, mzunguko mmoja unapanda kulia, unaofuata unapanda kushoto, kila tabaka likiacha ukingo wa lile la chini uonekane kidogo. Mikono iko juu muda wote na mabega yanaanza kulia. Mwisho unairudisha ile ncha ya usoni, unaifungua iwe pana, unafunika nayo utosi na kuichomeka nyuma. Halafu salai, kile kijiti cha chuma, kinaingia kusawazisha mikunjo na kurudisha nywele zilizotoroka masikioni. Anayejifunza anaweza kumaliza nusu saa na bado akafungua yote kwa hasira. Mzoefu anafunga huku akisoma Japji kwa kichwa.

Jioni hakivuliwi kama kofia. Tankhahnama, maandishi yanayohusishwa na Bhai Nand Lal, mshairi wa zama za Guru Gobind Singh, yanaagiza nywele zichanwe mara mbili kwa siku na kilemba kifungwe tabaka kwa tabaka, na mila imeshika hapo: unakifungua kama ulivyokifunga, kesho unaanza upya. Kwa hiyo vile vilemba vilivyoshonwa tayari, vya kuchomeka kichwani, wazee hawavipendi, na hata ukivipenda wewe, havikai.

Kazini na njiani. Ofisini, darasani na mahakamani dumalla haina tatizo. Ndani ya gari dogo utagusa paa. Uwanja wa ndege utapapaswa. Omba mwanamke akukague, na omba ujipapase mwenyewe kisha wakague mikono yako, maana viwanja vingi hukubali hivyo. Kwa shule za serikali za Ufaransa, sheria ya mwaka 2004 imefunga mlango kwa alama za dini zinazoonekana wazi, na hapo keski na dumalla ziko kundi moja. Kuhusu helmeti, jiji la Chandigarh, India, mwaka 2018 ilitaka wanawake waivae isipokuwa Makalasinga waliofunga kilemba. Kelele zikapigwa, na mwezi wa Oktoba serikali kuu ya India ikaelekeza wanawake wote wa Kikalasinga waachwe. Kichwa kikianguka lami, hata hivyo, hakisomi gazeti la serikali.

Watu. Hutapita bila kuonekana. Sokoni utaitwa "Singh" na mtu ambaye hajatazama vizuri. Watoto watakukodolea macho, na mabinti wadogo wa gurdwara watakufuata nyuma wakitaka kufundishwa. Ukichoka siku hiyo, ukikasirika na kondakta, utakumbuka kwamba umevaa dini ya watu wengi kichwani. Wapo wanaotaka hasa hilo, na wapo ambao lingewaelemea. Hakuna kati yao aliye dhaifu.

Humfaa nani? Aliyekwisha kuzoea keski na anataka kwenda mbele. Mwenye asubuhi ndefu au mkono mwepesi. Anayesimama mbele ya watu, awe anaongoza kirtan au anafundisha gatka, sanaa yetu ya kupigana. Na yule ambaye kuonekana kwake ni sehemu ya ibada.

Patka, kwa maneno machache

Kitambaa kidogo cha mraba chenye kamba, kinachojulikana zaidi kwa wavulana. Kwa binti anayecheza hoki au anayeogelea kinatosha, na jioni anarudi kwenye kitu kingine. Si cha kulinganishwa na hizo tatu, ila kiwepo kwenye mkoba.

Kulingana na hali yako

Kama uko karibu kupokea Amrit, swali hili si lako peke yako. Waulize wale Panj Piare, watu watano wanaotoa Amrit, wa kundi utakalopokea kwao wanataka nini kwa wanawake, uwaulize mapema, si asubuhi ya sherehe. Ukienda kwa Akhand Kirtani Jatha jibu ni keski. Kwingine utaachiwa.

Kama uko shule ya bweni, anza na keski ya rangi ya sare. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujaanza, akiwa na barua ya gurdwara. Dumalla kwenye bweni lenye kioo kimoja kwa wasichana wote itakugombanisha na foleni nzima.

Kama unaishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, joto na unyevu ndivyo vitakavyokuamulia. Voili nyembamba, rangi nyepesi, tabaka chache. Wapo wanaofunga dumalla pwani na hawalalamiki, ila hufua kila siku na huosha nywele mara nyingi zaidi kuliko sisi wa bara.

Kama nywele za mbele zinakatika, au una ugonjwa wa ngozi ya kichwa, mtandio na msuko uliolegea hadi upone, na umwone daktari wa ngozi. Ukipona, rudi na keski kwa fundo lisilokazwa.

Kama mabega au viganja vinauma, dumalla itakutesa. Keski inaweza kufungwa umekaa, viwiko vikiwa juu ya meza.

Kama umeolewa kwenye nyumba ambayo mama mkwe hajawahi kumwona mwanamke na kilemba, usianze vita wiki ya kwanza. Keski chini, mtandio juu. Akishazoea, ataanza mwenyewe kukuuliza kwa nini mtandio wake unateleza wakati wa Ardas, sala ya pamoja, na wako hautelezi.

Kama unakwenda gurdwara Jumapili tu na bado hujui moyo wako uko wapi, mtandio. Usifunge kilemba ili watu wakuone umebadilika. Na ukikipenda kweli, usikiache kwa sababu binamu yako amecheka.

Na kama umeamua kilemba, keski au dumalla, jifunze jioni baada ya Rehras, nywele zikiwa kavu na hakuna anayekusubiri. Mwombe mtu anayefunga kila siku akae pembeni yako, asikufungie. Kifungue, kifunge tena. Ukiweza kukifunga bila kioo, hapo ndipo ujaribu Jumatatu asubuhi.